Wimbo wa Watatu, Jina la Mmoja

Msomaji wangu, tuliachana nikiwa nimesimama nje ya saluni ya Shangazi, nimenywea kama mwizi wa kuku, naogopa kusukuma mlango. Leo nausukuma. Ungekuwa na huruma ungenivuta shati nirudi nyuma.

Kwa aliyetukuta njiani, nieleze kidogo asipotee. Naitwa Barafu. Mchana natengeneza majokofu, na nikishanawa mikono nachana mistari ya rapu. Kundi letu linaitwa Tatu Bila: mimi, Shangazi na Bubu. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote. Ni msusi, na jina alipewa kwa kuwa anamgombeza kila mtu, hata aliyemzidi umri. Bubu ni mpiga rangi wa magari, mtu wa maneno machache mpaka umpe kipaza sauti. Tena Bubu ni shemeji yangu. Nimemuoa dada yake.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kila mtu ruksa kutoa nyimbo zake mwenyewe, ila wimbo uliozaliwa kwa watatu unatoka na watatu.

Sasa tulikuwa tumerekodi wimbo unaoitwa "Mlango wa Nyuma". Beti tatu, kila mtu na wake. Asubuhi moja nimelala kifudifudi nyuma ya jokofu la mteja, nasikia redioni wimbo ule ule. Sauti yangu peke yake. Ubeti wa Bubu haupo. Ubeti wa Shangazi haupo. Mtangazaji akataja jina langu tu, akasema nimekuja na moto. Sikuwa na habari hata chembe.

Mji mzima uliupenda. Hapo ndipo balaa lilipoota miguu.

Nikasukuma mlango.

"Ingia, nyota," Shangazi alisema bila kugeuka. Alikuwa anasuka, meno ya chanuo yakiwa yameuma kichwa cha mteja. "Nyota haisimami mlangoni, inazuia mwanga."

"Shangazi, naomba tuongee pembeni."

"Pembeni kuna nini? Redio imeshatangaza kwa wote."

Mteja mwingine alikuwa ameketi chini ya mashine ya kukaushia. Kichwa kilikuwa ndani ya mashine, lakini masikio aliyaacha nje.

"Sikufanya mimi," nikasema.

"Sauti ya nani ile?"

"Yangu."

"Jina?"

"Langu."

"Basi aliyefanya ni jirani yako."

Mteja wa kwenye mashine alikohoa kuficha kicheko. Shangazi akaweka chanuo chini, akanigeukia. Nilitarajia hasira. Nikakuta macho mekundu ya mtu aliyekwisha kulia na kumaliza.

"Mimi nilipotoa wimbo wangu wa peke yangu, nani alinibebea spika?"

"Mimi na Bubu."

"Nani waliniitikia kiitikio?"

"Sisi."

"Niliwaambia kabla au mlisikia redioni?"

"Ulituambia kabla."

"Na wewe za kwako tulishakubariki. Ungezitoa zote kwa siku moja, ningekupigia vigelegele mpaka koo linikauke. Lakini wimbo ule, Barafu. Ubeti wangu mle ndani ulikuwa wa mama yangu. Nimeuandika baada ya kumzika. Umeutupa wapi?"

Mtu asiye na hatia akikosa jibu anafanana kabisa na mwenye hatia.

"Tulikuwa Tatu Bila," akasema, akiokota chanuo lake. "Sasa ni Moja Bila, na bila yenyewe ndiyo sisi."

"Nipe nafasi nithibitishe."

"Mlete Bubu. Asimame hapo uliposimama wewe, aniambie usoni kwamba alijua na aliridhika. Akisema hivyo nanyamaza mpaka kufa."

"Bubu amesafiri. Amekwenda kupiga rangi mabasi."

"Amesafiri siku ile ile wimbo ulipotoka, na simu haipatikani. Huyo hajasafiri, bwana. Amekimbia aibu ya kukuoza dada yake."

Nilitoka. Nyuma yangu mashine ilizimwa, na mteja akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani, "Kumbe ndiye yeye? Redioni anasikika mrefu."

Nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Mitambo, yule aliyeturekodi.

Studio yake ni chumba cha nyuma cha duka la magodoro. Vipande vya magodoro yaliyokatwa amevigandisha ukutani mpaka darini, ukiongea mle sauti inazama kama jiwe kwenye uji. Nilimkuta anabadilisha sponji za vipokea sauti vya masikioni. Sikusalimia.

"Nani alikupa ruhusa?"

Hakuuliza ruhusa ya nini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nimeitwa mwizi mbele ya wateja. Mke wangu analala amenipa mgongo. Nani alikwambia ufute sauti za wenzangu?"

"Niliapa nisiseme."

"Basi nitavunja kitu humu."

"Vunja," akasema kwa upole. "Ila ukimaliza kuvunja, kamuulize shemeji yako."

Nikadhani sijasikia vizuri, ni yale magodoro.

"Shemeji yangu nani?"

"Unao wangapi? Bubu alikuja hapa peke yake. Alikaa kwenye kiti hicho unachokikataa. Akaniambia, futa yangu, futa na ya Shangazi, bakiza ya Barafu, peleka redioni kwa jina lake. Nikamwambia hilo haliwezekani. Akanieleza sababu. Nilipoisikia nikafuta."

"Sababu gani?"

"Hiyo si yangu kuisema. Hakusafiri. Yuko hospitali kuu, wodi ya wanaume, ghorofa ya juu."

Nikakaa kwenye kile kiti.

Nilimkuta Bubu kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Jirani yake alikuwa mzee mmoja aliyevunjika nyonga, amekumbatia redio ndogo kama mtu aliyeshika mtoto wa mtu. Bubu alikuwa amekonda. Mwenye mabega ya kubeba mlango wa gari, sasa shuka lilikuwa limemlalia kama limetandikwa juu ya fimbo.

Aliponiona alitabasamu. Akafungua mdomo, ukatoka upepo. Ilinibidi niiname sikio langu lifike kinywani mwake.

"Shem," akanong'ona. "Umaarufu umekunenepesha."

"Usinifanyie mzaha. Unaumwa nini?"

Akagusa koo. Kwa yale maneno ya upepo, akipumzika kila baada ya sentensi, akaniambia. Kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Daktari anataka kuukata. Huenda akatoka salama na sauti yake, huenda akatoka salama bila sauti. Na mpaka siku hiyo hatakiwi kuinua sauti hata kumwita nesi, kwa sababu uvimbe ukichokozwa utaongezeka, na ukiongezeka utaziba njia ya hewa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa nisifute."

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumbeba mgongoni nimpeleke nyumbani.

"Sikiliza, shem. Watu wakishaanza kukuhurumia, hawakusikilizi tena. Tatu Bila ingekuwa kundi la mgonjwa. Nilitaka uwe umeshatoka nje kabla nyumba haijaniangukia."

"Na Shangazi? Umemfuta na yeye. Ubeti wa mama yake, Bubu."

Alifumba macho kidogo. "Ningefuta wangu peke yangu, angeuliza Bubu yuko wapi. Angenitafuta mpaka anipate, halafu angekaa hapa ananishika mkono, muziki ameuacha. Nimefuta wote wawili ili akasirike. Hasira itamsimamisha. Amekasirika?"

"Anasema sasa ni Moja Bila, na bila ndiyo ninyi."

Akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa na sauti, mabega tu yalipanda na kushuka.

"Na mama yako? Na dada yako, ninayelala naye kitanda kimoja?"

Hapo kicheko kiliisha. Alinikumbusha jambo ambalo kila mtu katika familia ile analijua na hakuna anayelitaja. Baba yao aliingia chumba cha upasuaji cha hospitali hii hii akitembea kwa miguu yake, akaahidi kurudi kula chakula cha mchana. Alitolewa amefunikwa. Tangu siku hiyo mama mkwe wangu akipita barabara hii anavuka upande wa pili.

"Mama akijua atakuja kunitoa," akanong'ona. "Na akiniambia nitoke, nitatoka. Sina ubavu wa kumkatalia. Dada akijua, mama amejua. Kwa hiyo usiseme kwa yeyote. Niapie."

"Bubu."

"Niapie kwa kichwa cha mwanao."

Msomaji, usinilaumu haraka. Ungekuwa umeinama pale, unasikia pumzi yake inavyokwaruza kama mlango wenye kutu, ungeapa na wewe.

Nikaapa.

"Tena jambo moja," akasema. "Jumamosi una onyesho la uwanjani. Usilikimbie. Redio itarusha moja kwa moja, mzee hapa ameniahidi kuongeza sauti. Alasiri ndiyo wananiingiza. Nataka nikusikie kabla hawajanisukuma mle ndani."

Nilirudi nyumbani nimebeba siri kama mtu aliyebeba kaa la moto mfukoni. Nikakuta viatu vya mama mkwe mlangoni.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, mkoba mapajani, hajautua. Nilimwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, kama inavyopasa. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake, na mwanetu begani amelala.

"Marahaba, baba," mama mkwe alijibu. Hajawahi kuniita kwa jina. Ni mama anayepima maneno kama anayepima dawa. "Sikuja kwa ugomvi. Habari za nyimbo mimi sizijui. Nimekuja kuuliza jambo dogo. Mwanangu hapokei simu. Nimekwenda gereji wanakopigia rangi, wananiambia hakuna basi lolote alilokwenda kulipaka. Wewe ndiye unayeshinda naye. Yuko wapi?"

"Mama, nadhani yuko sawa."

"Unadhani."

"Atapiga simu tu, mama."

"Lini?"

Mke wangu akapita mbele ya mama yake, kitu ambacho si desturi yake.

"Baba watoto, niangalie. Umeongea naye?"

Nilimwangalia. Nikaangalia na kichwa cha mtoto kilichokuwa begani mwake, kile kile nilichokiapia.

"Sijaongea naye," nikasema.

Mwanamke uliyekaa naye miaka anajua uongo wako kama anavyojua nguo zako. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani, nikasikia droo zinafunguliwa na kufungwa. Akatoka na begi la nguo za mtoto.

"Ulimfuta kaka yangu kwenye wimbo nikasema labda ni mambo ya kazi. Sasa unamfuta mpaka mdomoni. Mama, twende."

Mama mkwe aliinuka taratibu. Alipofika kizingitini alisimama, mgongo umenielekea.

"Sisi hatukukupa binti tu, baba," akasema. "Tulikupa na kijana. Tulidhani amepata kaka."

Nilibaki na nyumba. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji, na mimi, fundi mzima, sikuwa na nguvu ya kwenda kulifunga.

Jumamosi ikafika.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Jua lilikuwa kali, jukwaa limeezekwa turubai, nyuma yake gari la redio limeinua mlingoti wake. Mratibu wa onyesho, jamaa mwenye jasho lisilokauka na simu mbili, alinipokea kwa kunisukuma.

"Panda, panda, umechelewa. Wimbo mmoja unaotakiwa ndio huo. Mengine hawayataki."

"Shangazi amekuja?"

"Nani? Panda bwana."

Nikapanda. Nilipoonekana kelele zikapasuka, lakini kelele nazijua, kuna za kukuita na kuna za kukufukuza. Hizi zilichanganyika. Walio mbele walikuwa wanaimba kiitikio. Walio nyuma, vijana wa mtaani kwetu waliotujua tangu tunabeba spika kichwani, walikuwa wanaita kwa pamoja, "Bubu yuko wapi? Bubu yuko wapi?" Chupa ya maji ikatua miguuni pangu.

Mdundo ukaanza. Nikafikiria kitanda cha mwisho karibu na dirisha, na mzee anayeongeza sauti. Nikachana ubeti wangu wote bila kukosea. Niliuchana nikimwelekea mtu ambaye hakuna aliyejua kama namwimbia. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza masikioni.

Nilipofika mwisho wa ubeti, mahali ambapo Bubu ndiye alipaswa kuingia, mdundo ulikatwa.

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama pembeni mwa mitambo, mkono juu ya swichi, na mpiga mitambo amerudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Kando yake alikuwa mama mkwe wangu. Yule mama ambaye hajawahi kukanyaga onyesho letu hata moja, na mkoba wake, na kanga yake ameifunga vizuri, anapanda ngazi za jukwaa mbele ya umati ule. Shangazi alimpa kipaza sauti.

Alikishika kwa mikono miwili, mbali na mdomo, kama kitu kinachoweza kuuma. Uwanja ukanyamaza. Kila mtu ana mama.

"Mkwe wangu," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. "Nakuuliza mbele za watu kwa sababu nyumbani ulinikalia kimya. Mwanangu yuko wapi?"

Nilitazama chini. Mke wangu alikuwa pale mbele kabisa, ameshika uzio wa vyuma, mtoto mgongoni.

"Kama amekufa niambie," mama mkwe akasema. "Nimeshazika mume, najua jinsi ya kuzika. Ila usiniache nahesabu gari zote zinazopita."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Hajafa, mama. Yuko hospitali kuu. Wodi ya wanaume. Leo anapasuliwa koo. Yeye ndiye aliyefuta sauti. Aliniapisha."

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Shangazi alishika nguzo ya jukwaa. Mimi nikaona lile gari la redio na mlingoti wake, na ndipo nilipong'amua. Nilichokisema sikukisema uwanjani tu. Nilikisema na kwenye redio ya yule mzee, karibu na dirisha.

Mama mkwe hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kipaza sauti kimeshuka, "Chumba kile kile?"

"Kile kile, mama."

"Nipeleke. Namtoa."

Tuliteremka. Shangazi alinishika bega, vidole vyake vikanizama.

"Nenda," akasema. "Mimi nabaki niwatulize watu hawa, wasije wakamfuata hospitali. Barafu..." Akatafuta neno lingine, hakulipata. "Nenda."

Kutoka pale ilikuwa kama kutembea ndani ya tope. Kila mtu alitaka kutugusa, kila mtu alikuwa na pole yake. Barabara ya nje ilikuwa imefungwa na watu waliokosa nafasi ndani. Tulipita tumebanana, mimi mbele napasua njia kwa viwiko, mke wangu ameshika mkanda wangu, mama yake ameshika kanga ya binti yake. Pikipiki moja ilitupita upande wa pili, ikienda tulikotoka, dereva anapiga honi mfululizo, abiria wake amejifunika shuka la bluu. Niliiona. Msomaji, niliiona kwa macho yangu haya, nikasogea ipite.

Tulifika hospitali. Mama mkwe alisimama nje ya geti, akalitazama jengo, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaingia kabla yetu.

Kitanda cha mwisho kilikuwa kitupu. Mto ulikuwa bado na shimo la kichwa. Shuka la juu halikuwepo. Kando ya kitanda kilikuwa kile kitanda cha magurudumu cha kupelekea wagonjwa upasuaji, na wanaume wawili wenye kofia za kijani wamesimama hawajui waweke wapi mikono. Nesi alikuwa anaongea na simu kwa hasira ya mtu mwenye hofu.

"Ninyi ndugu zake?" akatuuliza, akiziba simu kwa kiganja. "Ameondoka. Daktari amekwisha kunawa mikono, yuko tayari anamsubiri. Mnajua amekwenda wapi? Yule hatakiwi hata kuongea."

Nikamgeukia yule mzee. Alikuwa ameinamia redio yake, sikio juu yake, ametuinulia kidole tunyamaze.

"Alimsikia mama yake," mzee akasema. "Mama alipouliza, kijana akakaa. Ulipojibu wewe, akasimama. Nilimshika shuka akaenda nalo. Sikilizeni."

Akaongeza sauti.

Kulikuwa na mvumo wa uwanja, watu wengi wamenyamaza kwa pamoja. Hakukuwa na mdundo. Kisha ikaja sauti iliyopasuka, nzito, inayokwaruza kila neno kabla ya kulitoa. Ubeti wenyewe sikuwahi kuusikia. Sijui aliutunga lini.

"Naitwa Bubu, na leo nasema mpaka basi,
Msimpige shemeji, mimi ndiye niliyeshika mkasi,
Nilijikata mwenyewe kabla kisu hakijanifikia,
Mama, mlango ule ule baba aliopitia..."

Ikakatika.

Nilidhani ni redio. Mzee akaigonga kwa kidole. Lakini haikuwa redio, kwa sababu mle ndani mtoto wa mtu alikuwa analia, na mahali fulani kitu kizito kiliangukia mbao za jukwaa. Mstari wa nne ulikuwa bado una mwendelezo. Sote tuliusubiri. Hata wale wanaume wa kofia za kijani waliusubiri.

Ikaja sauti ya Shangazi, mbali na kipaza sauti. Mwanamke yule sijawahi kumsikia akimbembeleza mtu.

"Mpisheni apate hewa," alikuwa anasema. "Jamani nawaomba, mpisheni. Bubu, niangalie. Usiseme kitu, niangalie tu."

Nesi alitupa simu ya kwanza akanyakua ya pili, akaanza kuita gari la wagonjwa.

Mama mkwe alinishika mkono. Tangu nioe kwake hajawahi kunigusa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na alikuwa anakitazama kile kitanda cha magurudumu, na ule mlango wa chumba cha upasuaji, mwisho wa ukumbi, aliokuja kumzuia mwanawe asiupite.

"Waambie wasikiondoe," akasema. "Mwambie daktari asivue nguo za upasuaji. Baba, kutoka uwanjani mpaka hapa, gari litapita?"

Nami ndiye niliyejua jibu, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kuipita njia hiyo kwa viwiko. Barabara nzima ilikuwa imejaa watu, na sasa bila shaka wote walikuwa wanakimbilia kulekule aliko Bubu.